Wasomaji Kumi na Mmoja na Ndege wa Shangazi

Blogu yangu ya safari ilikuwa na wasomaji kumi na mmoja, na watatu kati yao nilikuwa mimi mwenyewe: mimi kwa simu yangu, mimi kwa simu ya shangazi, na mimi kwa kompyuta ya steshenari moja pale Ifakara mjini, ambako niliomba kuifungua kila nilipokwenda kutoa kopi ya chochote. Wanane waliobaki sikuwajua, lakini nilijua wanataka nini. Niliandika kuhusu maporomoko ya Sanje, jinsi nilivyopanda kule juu na ndala moja kwa sababu ya pili ilichukuliwa na maji, na mwongoza wageni akacheka mpaka akakaa chini. Mtu wa kwanza kutoa maoni aliandika: "Dada, bei ya mchele huko ikoje?" Niliandika kuhusu stesheni ya Mlimba na wamama wanaouza chai kwa abiria wa treni ambayo saa yake ya kufika inaijua yenyewe. Maoni: "Mchele wa Mlimba na wa Ifakara, upi unanukia zaidi?" Nikaandika kuhusu mto Kilombero na kiboko niliyemwona akipiga miayo. Mmoja akaandika, "Picha nzuri sana." Nikafurahi mpaka nilipofika mstari wa pili. "Hapo nyuma ni mpunga? Umeshavunwa?"

Niliacha shule kidato cha pili. Watu wakisikia hivyo huinamisha kichwa kunipa pole, wakisubiri habari ya ada au ya mimba. Hakuna. Nilipanda treni kwenda Mlimba kumsalimia dada yangu, nikashuka, nikaona treni yenyewe haijafika, inaendelea. Nikataka kujua inaendelea wapi. Nikapanda tena. Tangu siku hiyo nimefua mashuka ya nyumba za wageni, nimeuza maandazi, nimesimamia mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kila mahali nimefukuzwa au nimejifukuza kwa kosa moja, la kuuliza maswali yasiyohusu kazi. Blogu ilikuja nikiwa na miaka thelathini na kitu, simu yenye kioo kilichopasuka, na imani kwamba dunia ingependa kujua nilichokiona. Dunia ilipenda kujua bei ya mchele.

Mwenye ile steshenari alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na alikuwa mtaalamu wangu wa mitandao kwa cheo alichojipa mwenyewe. Alisoma kazi zangu huku akila karanga.

"Dada, unaandika kama barua ya kuomba kazi," aliniambia. "Weka namba kwenye kichwa cha habari. Watu wanapenda namba."

Nikaandika "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Ifakara." Nilipofika la tano mambo yaliisha. La sita nikaweka kwamba kuna mbu, jambo ambalo hata mbu wenyewe wanalijua, na la saba likawa la tatu lililovaa nguo nyingine. Mtu akatoa maoni: "Mimi ni wa Ifakara. Yote saba nayajua."

"Weka chakula," mtaalamu akasema. Nikaweka perege wa kuchoma, mkia umepinda vizuri. Jibu: "Hapo ungepata na wali. Kilo sasa hivi shilingi ngapi?"

Mwishowe alinisogezea karanga, ishara kwamba sasa tunaongea kama watu wa kazi moja. "Sikiliza. Watu hawasomi mahali. Watu wanasoma ugomvi. Katafute ugomvi."

Nilitoka pale nimekata tamaa, maana sikuwa na ugomvi na mtu yeyote. Nilikuwa nimehama kila mahali kabla haujaiva.

Wiki hiyo hiyo shangazi akapiga simu. Ni dada yake baba, Mndamba wa kweli wa mtoni, mjane, na ana shamba la mpunga upande wa Namawala. Kila mwaka mpunga unapoanza kubeba, anafunga nyumba yake na kuhamia shambani mpaka mavuno, kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Wale ndege wadogo huja kama moshi. Wakitua mara mbili tatu bila kusumbuliwa, ulichopanda umewapandia wao.

"Njoo uniamie ndege," alisema. "Goti limekataa ngazi. Na uje peke yako, hayo maswali yako uyaache mjini."

Ningekataa. Lakini nilikumbuka kwamba dungu la shangazi lina mtandao. Dungu ni jukwaa la miti lenye paa la nyasi, juu kidogo kuliko mtu aliyebeba mtu, na mlinzi anakaa huko kutwa akitazama shamba zima. Pale chini simu ni kioo cha kujitazamia tu. Ukipanda ngazi, ukikaa kona ya mashariki na miguu ukaining'iniza, unapata mtandao kuliko mjini. Nikafunga mfuko.

Ng'ambo ya mfereji mwembamba kulikuwa na dungu la pili, la jirani yake, mama wa Kisukuma. Familia yao iliingia bondeni na ng'ombe zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mwaka wa kwanza ng'ombe hao walilala njaa mahali pengine wakaamkia kwenye mpunga wa shangazi. Ikawa kesi kwa mwenyekiti wa kijiji. Fidia ililipwa, lakini salamu zikakatika, na watoto wa pande mbili wakafundishwa kutazama pembeni wakikutana kisimani. Wazee walijaribu kuwapatanisha wakashindwa. Padri akajaribu, akashindwa kwa adabu zaidi. Waliowapatanisha ni ndege.

Iko hivi. Ukiwafukuza kwa shangazi, wanatua kwa jirani. Jirani akiwafukuza, wanarudi kwa shangazi. Kila mtu akifukuza kwa wakati wake, ndege wanapata matembezi na mlo pande zote. Lakini wakipigiwa kelele huku, na kabla hawajatua wakapigiwa huku, kwa kupokezana bila pengo, wanachanganyikiwa, wanapanda juu na kwenda kusumbua watu wengine. Kwa hiyo wanawake wawili wasiosalimiana walilazimika kupokezana sauti kila asubuhi na kila jioni. Na mtu huwezi kupiga kelele ya "hoo, hoo" kwa miezi miwili. Utafika mahali utaweka maneno.

Nani alianza sijui. Kila mmoja anasema mwenzake. Ninachojua ni sheria iliyozaliwa hapo: lolote linalopigwa kelele juu ya dungu ni la ndege. Huruhusiwi kulikasirikia, huruhusiwi kulitaja ukishashuka, huruhusiwi kwenda nalo nyumbani. Jua likipanda na ndege wakipumzika, wote wawili wanashuka na kukutana mferejini, huyu na samaki mkavu, yule na kibuyu cha maziwa mgando, wanabadilishana na kuulizana habari za watoto kwa sauti za kanisani. Kisha jioni wanapanda tena.

"Ondokeni!" shangazi alipiga kelele siku yangu ya kwanza, akiwa amekaa chini kwenye kigoda, maana sauti yake haikuhitaji ngazi. "Nendeni kwa mama ng'ombe! Mpunga wake mwembamba kama miguu ya mumewe!"

Wingu la ndege likainuka. Kabla halijashuka ng'ambo, sauti ikatoka kule.

"Rudini kwa mama kambale! Yule haoni mpunga, anaona samaki tu! Hata mume alimpata kwa ndoano!"

"Msiogope, wanangu! Huyo akisonga ugali, hata ng'ombe wanaomba ruhusa ya kuondoka!"

"Kwa mama kambale kuna mlinzi mpya! Mtu mzima, hana mume, hana mbuzi, ana simu!"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya dungu. Ndege walipotea juu ya miti. Shangazi alinitazama kutoka chini, mtulivu, kama mtu aliyemaliza sala. "Umeona? Kazi ndiyo hiyo. Wewe shika zamu ya juu, mimi nitakusaidia maneno."

Hayo niliyoyaandika hapa nimeruhusiwa na wenyewe, moja baada ya jingine. Yako matamu zaidi na sitayaandika, na msomaji atajua kwa nini.

Siku ya nne nilirekodi. Simu yangu ilikamata sauti ya shangazi vizuri mpaka pumzi. Sauti ya jirani ilifika na upepo, ikasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikachagua maneno kumi ya shangazi. Nikaweka na picha ya dungu la ng'ambo, kitenge cha jirani kimeanikwa kwenye ngazi, cha njano, ambacho hakuna mwingine mwenye nacho bonde zima. Nilikuwa nimeandika aya mbili ndefu kueleza sheria ya ndege na maziwa ya mferejini, kisha nikampigia mwenye steshenari kumsomea.

"Kata hizo aya," alisema. "Maelezo yanachosha."

Nikakata. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe na nilijivunia: "Matusi Kumi ya Shangazi Yangu kwa Jirani Yake Msukuma." Kuna namba. Kuna ugomvi. Ruhusa sikumwomba mtu. Nilijiambia kwamba maneno ni ya ndege, na ndege hawana mwakilishi.

Kesho yake asubuhi nilidhani blogu imeharibika. Wasomaji walikuwa mia. Mchana sikuwa tena na haja ya kuhesabu, namba ilikuwa inapanda yenyewe kama maji ya masika. Watu walicheka. Watu waliwatumia wenzao. Mmoja aliandika kwamba shangazi apewe redio yake mwenyewe. Nilisoma maoni nikiwa nimekaa kona ya mashariki, miguu hewani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza bei ya mchele.

Hilo pekee lilipaswa kunitia hofu.

Maana maoni yaliendelea, na kicheko kikapungua. "Shangazi yuko sahihi, hawa waliokuja na ng'ombe wamezidi." Chini yake: "Na nyie wa mtoni mmezoea kulala." Chini yake: "Warudi walikotoka." Baada ya hapo waliacha kabisa kumzungumzia shangazi na jirani yake na wakaanza kuelezana wao kwa wao mambo ambayo hata juu ya dungu hayasemwi. Niliona. Sitasema sikuona. Nilijiambia kwamba msomaji ni msomaji, na kwamba moto hauchagui kuni. Nikaongeza bando.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu niyachapishe nilipanda dungu, ndege wakaja, nikapiga kelele langu, tena moja nililokuwa nimelitunga usiku kucha kuhusu ndevu za mbuzi. Wingu likainuka, likaenda ng'ambo. Nikasubiri jibu.

Ng'ambo ikapigwa debe. Ko, ko, ko. Bila neno.

Ndege wakarudi. Nikapiga kelele, wakaenda, debe likalia pale walipokwisha tua, wakarudi. Kupokezana kulikuwa kumekufa. Debe halijui mwenzake amemaliza wapi ili lidakie, linalia tu. Ndege walikwenda na kurudi kama watu wa harusi wanaopita kila meza. Kufikia jua kupanda, niliweza kuona kutoka juu mahali walipokula. Suke lenye mpunga huinama. Lililoliwa husimama wima, limenyooka, kama mwanafunzi mpya. Katikati ya shamba la shangazi kulikuwa na kipande kizima kimesimama wima.

"Mbona jirani hasemi?" shangazi aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Labda koo linamuuma."

Alichukua samaki wake mkavu, akachechemea mpaka mferejini, akakaa. Nilimwona kutoka juu akikaa pale muda mrefu, mgongo umenyooka, akitazama ng'ambo. Kisha akarudi na samaki wake.

Siku iliyofuata mume wa jirani alikuja kwa baiskeli. Ni kweli miguu yake ni myembamba. Niliitazama nikajuta kuitazama. Aliamkiana na shangazi, akakaa, akaletewa maji ya kunywa, akayaweka chini bila kuyagusa. Shangazi aliona yale maji na uso wake ukabadilika kabla mtu hajasema kitu.

"Mama anasema," yule mzee alianza, "siku ya kuvuna asihesabiwe."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mashamba yale mawili yanavunwa kwa zamu: watu wa jirani wanakuja wote kwa shangazi, sita au saba wenye mundu, wakimaliza wanavuka mfereji na shangazi na watu wake wanakwenda kule. Bila wao, shangazi alikuwa na goti bovu na mimi. Na mimi nakata mpunga kama ninayemnyoa mtu nisiyempenda. Zilikuwa zimebaki siku kumi, pengine pungufu. Mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka mzima na ndicho cha kuuza. Ukiiva ukakosa mikono unapukutika, na kinachobaki wanamaliza ndege.

"Nimemkosea nini?" shangazi aliuliza.

"Mkwe wetu wa Mlimba ameyaona mtandaoni. Amemsomea mama mkwe wake kwa simu, alipopita kijijini." Mzee aligeuka akanitazama mimi, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Yote kumi."

Alipoondoka, shangazi aliniambia nipande juu, nikifungue hicho kitu, na nimsomee kwa sauti. Nilisoma. Nilipofika la nne alicheka, hakuweza kujizuia, ni maneno yake na anajua ni mazuri. "Na hapo chini kuna nini?" akauliza. "Si huwa unasema watu wanaandika?"

Nikasoma maoni. Nilitaka kuruka baadhi lakini sauti yangu ilikuwa inanisaliti kila nilipokaribia kuruka. Akaacha kucheka.

"Huyo anayesema warudi walikotoka ni nani?"

"Simjui, shangazi."

"Anakaa wapi?"

"Sijui. Labda Dar."

"Ana shamba hapa?"

"Hana."

"Ana ndege?"

Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Basi ananisemea nini?" Alichukua yale maji ya mgeni, akayamwaga taratibu kwenye shina la mpapai. "Miaka yote hii nimetafuta maneno ya kumtukana yule mwanamke ili tuishi vizuri. Wewe umefungua mlango wangu, umeingiza watu nisiowajua, wamemtukana kwa mdomo wangu. Nenda kwake. Mimi siwezi, goti hili. Na hata ningekuwa na magoti mapya matatu, nisingekwenda na aibu hii."

Nilivuka mfereji. Jirani alikuwa amekaa kivulini mwa dungu lake akisokota kamba ya kufungia makopo ya kutishia ndege. Nilikuwa nimejiandaa.

"Mwangaluka, mama," nikasema.

Hakuinua macho. "Siku zote shikamoo imekutosha. Leo umekuja na Kisukuma. Kweli umefanya kosa kubwa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa chini. Alisokota, nikasubiri. Kisha akauliza, kama mwalimu: "Lile la ugali. Shangazi yako aliposema ng'ombe wanaomba ruhusa. Mimi jioni ile nilijibu nini?"

"Ulisema shangazi akipika samaki, paka wa kijiji wanahama."

"Liko wapi?"

"Simu haikukamata vizuri, mama. Upepo."

"Kwa hiyo mkwe wangu, na ndugu zake, na huko kote, wanajua mimi nimetukanwa mara kumi nikanyamaza kama gunia."

Hapo nikaona mlango, nikajitupa ndani. Nikamwambia nitaandika yake kumi. Nitaandika kumi na moja. Nitakaa chini ya dungu lake na simu, nitaandika neno kwa neno, na kichwa cha habari atachagua mwenyewe. Aliacha kusokota.

"Wanasoma watu wangapi hiyo kitu?"

Nikamwambia. Akaitazama kamba. Naapa kwa dakika moja alikuwa anachagua maneno. Niliona mdomo ukijaribu moja, ukaliacha, ukajaribu jingine, na kona ya mdomo ikapanda.

"Wengi hivyo?"

"Wengi hivyo, mama."

Alisokota mizunguko miwili. "Hapana," akasema. "Huko kwenye simu ndege wako wapi?"

"Ndege?"

"Shangazi yako akisema mume wangu ana miguu myembamba, ndege wanaruka. Neno limefanya kazi yake, limekwisha. Huko kwenye simu limeruka nini? Wameruka watu, wamenirukia mimi." Akaweka kamba chini. "Futa. Na nione kwa macho yangu. Mkwe anasema watu wa mtandao husema wamefuta na hawajafuta."

Nikatoa simu. Hakuna mtandao. Nikasimama, nikainyoosha juu, nikapanda ngazi ya dungu lake mpaka kileleni. Hakuna.

"Unapatikana kwa shangazi tu," nikasema. "Juu, kona ya mashariki."

"Huo mtandao nao," alisema, akiinuka na kujikung'uta, "hauna hata aibu ya kuchagua upande."

Tulipovuka mfereji shangazi alikuwa kwenye kigoda chake. Walitazamana.

"Karibu," shangazi akasema.

"Sijaja kwako. Nimekuja kwa mtandao."

Akapanda. Mimi nikapanda nyuma yake. Tukawa tumekaa, miti inalia, natafuta ukurasa, mara tukahisi dungu zima linayumba. Shangazi alikuwa kwenye ngazi. Anavuta mguu mmoja, anatweta, anaukaribisha wa pili.

"Wewe mwanamke, goti!" jirani alipiga kelele.

"Maneno ni yangu. Na mimi nataka kuona yanavyokwenda."

Jirani alilala kifudifudi, akamshika mkono, akamvuta kama anavyovutwa ndama kutoka matopeni. Dungu lile lilijengwa kwa mlinzi mmoja na kibuyu chake. Tulikaa watatu tumebanana, simu katikati, vichwa vimeinama. Nikagusa mahali pa kufuta. Maandishi yakatokea.

"Inasema nini?" jirani akauliza.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Ijibu."

Ningependa kusema nilijibu papo hapo. Sikujibu. Kidole kilikuwa hewani na namba ilikuwa pale juu, nono, haijawahi kuwa nono hivyo na nilijua haitakuwa tena. Watu wote wale walikuwa wamekuja kwangu. Walikuwa wabaya, nusu yao, lakini walikuwa wamekuja. Shangazi alinitazama usoni. Sekunde zikapita, na walinzi wote watatu wa mashamba mawili walikuwa wanatazama simu, kwa hiyo ndege wakatua.

Walitua chini yetu kabisa, kwenye mpunga bora wa shangazi, kwa sauti ya mvua. Jirani ndiye aliyegeuka kwanza.

"Kuleni taratibu!" alinguruma, karibu na sikio langu, nikadhani limetoboka. "Walinzi wako kwenye simu! Huyu mwenye simu aliacha shule akaifuata treni, na treni ikamkimbia!"

Wingu likainuka. Likaelekea ng'ambo, na ng'ambo hakukuwa na mtu. Shangazi akavuta pumzi.

"Na huko msitue! Mwenyewe amekuja kwangu kuomba mtandao! Hana hata mtandao, ana debe!"

"Debe langu lina akili kuliko mpwa wako!"

"Hilo kweli!"

Ndege walipinda hewani, wakapanda, wakavuka miti. Kuna watu upande ule, na siku ile nadhani walitulaani. Nilitazama simu. Ilikuwa bado inauliza. Nikaijibu.

Siku ya kuvuna walikuja saba. Mzee wa baiskeli alikunywa maji vikombe viwili. Nilikata mistari mitatu, wakanitazama, wakanihamishia jikoni bila mjadala, na humo nikawasikia kutwa nzima wakinijadili mpungani kwa sauti ya kutosha. Kile kipande kilichosimama wima hakikuvunwa. Shangazi alikipita na mundu mkononi, akanionyesha kwa kidevu, akaendelea. Mavuno yalipungua magunia, nami najua ni ya nani.

Baadaye nilimuuliza jirani kama naweza kuandika habari hii, siku moja, kwa ukamilifu, na aya mbili zilizokatwa zikarudishwa. Alifikiri siku mbili. Kisha akaja mferejini na shangazi, wakakaa, wakanipitishia maneno: hili weka, hili acha, hili weka lakini sema nililisema mimi. Waligombania moja kwa muda mrefu kila mmoja akidai ni lake. Hilo nimeliacha.

Mwenye steshenari aliponiona aliuliza ugomvi umefikia wapi. Nikamwambia umekwisha. Alisikitika kwa dhati, akanipa karanga. Siku hizi haniruhusu tena kuifungua blogu kwenye kompyuta yake, na mimi nimeacha kujisoma kwa simu ya shangazi, kwa hiyo hesabu imeshuka. Wauliza bei ya mchele wamerudi, na siku hizi nawajibu. Lakini nimepata msomaji mmoja mpya, na hakuna mwandishi wa safari mwenye msomaji kama yeye. Ni mkwe wa Mlimba. Kila ninachoandika anakisoma, kila neno, mpaka mwisho, siku hiyo hiyo. Nikiandika kuhusu ndizi za Sanje, anasoma. Nikiandika kurasa nne kuhusu kivuko ambacho siku hizi hakipo, anasoma. Kisha chini yake anaacha maoni yale yale.

"Nimesoma yote. Mama hayumo. Endelea."

Katika haya yumo. Nimemwomba mama mwenyewe ampigie simu mapema, kabla mkwe hajafika kwenye miguu ya baba mkwe wake.